Everlyn Nicodemus: Binti wa Marangu Aliyewachora Wanawake Walioambiwa "Jikaze"

Mama msomaji, katika nchi yetu kuna neno moja ambalo karibu kila mwanamke amelisikia tangu utotoni. Neno hilo ni "jikaze". Msichana akilia kwa uchungu wa tumbo huambiwa ajikaze. Akiwa chumba cha kujifungulia huambiwa ajikaze. Akifiwa na mtoto, akipigwa na mumewe, akiachwa na watoto wanne bila shamba wala duka, neno ni lile lile. Mara nyingi tunalisema kwa nia njema, maana hatuna lingine la kumpa. Lakini yafaa tujiulize: uchungu ule uliokazwa huenda wapi?

Katika makala hii napenda kuwasimulia habari za mwanamke wa huku kwetu kaskazini aliyelijibu swali hilo kwa rangi na brashi. Anaitwa Everlyn Nicodemus. Alizaliwa mwaka 1954 huko Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa sisi tunaoishi Arusha chini ya Mlima Meru, Marangu ni safari ya asubuhi moja tu: unapita Tengeru, Usa River, Moshi hadi Himo, kisha unapandisha migombani. Hata hivyo, nikitaja jina lake katika vikundi vyetu vya akina mama, ni wachache sana wanaolifahamu. Ulaya picha zake zimewekwa katika majumba makubwa ya sanaa. Nadhani wakati umefika kwa sisi dada zake kumfahamu, maana alichokichora ni maisha yetu.

KUTOKA MARANGU HADI UGENINI

Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, Everlyn alihamia Sweden. Tunaweza kuifikiria safari hiyo: binti aliyekulia kwenye migomba, mifereji ya maji na majirani wanaoitana kwa majina ya koo, anafika mahali penye theluji na giza la saa nyingi wakati wa baridi. Ugumu uliomgusa zaidi, hata hivyo, ulikuwa ule wa macho ya watu. Kwa mara ya kwanza alijikuta anatazamwa kwa rangi ya ngozi yake kabla ya kitu kingine chochote.

Sisi sote tunao ndugu walioko ng'ambo. Wanapotupigia simu wanasema, "Huku ni salama, tunamshukuru Mungu," nasi tunawauliza lini watatuma kitu. Ni mara chache tunawauliza: je, unatazamwaje huko? Nani anakusalimu asubuhi? Mhamiaji hubeba mizigo miwili, ule wa nyumbani alikotoka na ule wa mahali asipozoeleka. Mwenye kupokea fedha huku nyumbani huona mzigo mmoja tu.

Everlyn alitaka kuelewa jambo lililokuwa likimtokea. Basi mwaka 1978 akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Stockholm, elimu ya jamii na mila za watu. Ni elimu inayowafundisha wasomi kwenda kukaa na watu fulani, kuwatazama wanavyoishi, wanavyooana na wanavyozika, kisha kuandika vitabu juu yao.

ALIYEKATAA KUWAPIMA NDUGU ZAKE

Hapo ndipo alipokutana na jambo lililomsumbua. Elimu ile, kwa jinsi ilivyofanywa wakati huo, mara nyingi ilimfanya Mwafrika kuwa kitu cha kuchunguzwa. Msomi anakuja na daftari, anauliza, anaandika, anaondoka. Aliyeulizwa hakisomi kitabu kile kamwe. Everlyn alijikuta anatakiwa kuwageukia watu wake mwenyewe kwa jicho hilo la daftari, na moyo wake ukakataa.

Akashika brashi badala yake. Hakuwa amesomea uchoraji shuleni, alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1980 alifanya maonyesho yake ya kwanza, na hayakufanyika Stockholm. Yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Alianzia nyumbani.

Miongoni mwa picha zake za mwaka huo 1980 iko moja ambayo jina lake tungeweza kulitafsiri "Baada ya Kuzaa". Aliichora kwenye nguo ya gome la mti, ile ambayo wenzetu wa Uganda na Kagera wameitengeneza tangu enzi za mababu kwa kuligonga gome mpaka linalainika kama kitambaa. Fikiri juu ya uchaguzi huo. Kwa ajili ya mama aliyetoka kujifungua alitafuta gome lililobanduliwa kwenye mti, kitu ambacho chenyewe kimepitia kuvuliwa na kupigwa ndipo kikawa vazi.

Mada yenyewe nayo yastahili kuangaliwa. Duniani kote wachoraji wamemchora Bikira Mariamu na Mtoto mara zisizohesabika, amekaa kwa utulivu, nguo zake safi, uso wake hauna jasho. Ni picha nzuri nazo zimetujenga kiimani. Lakini mama yeyote aliyezaa anajua kwamba kati ya uchungu na picha ile tulivu kuna saa nyingi ambazo hazichorwi: damu, baridi ya ghafla, maziwa yasiyotoka, hofu ya kumshika mtoto, na upweke hata chumba kikiwa kimejaa watu. Mariamu naye alizaa mbali na nyumbani, mahali pa wanyama. Kuichora hali ya mwanamke baada ya kuzaa hakumpunguzii mama heshima yoyote, bali kunampa heshima ya kuaminiwa.

WANAWAKE WA SKIVE, DAR ES SALAAM NA KALKUTA

Kazi iliyofuata ndiyo ninayopenda zaidi akina mama waifahamu. Kati ya mwaka 1984 na 1986 Everlyn alifanya kazi aliyoiita, kwa lugha yetu, "Mwanamke Duniani". Ilikuwa na sehemu tatu katika nchi tatu. Alianza Skive, mji mdogo huko Denmark. Kisha akaja Dar es Salaam. Mwisho akaenda Kalkuta, India.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kutenda. Aliwaita wanawake wa mahali pale wakae pamoja na kuzungumza juu ya maisha yao wenyewe. Aliwasikiliza. Kutokana na mazungumzo hayo akachora picha na kuandika mashairi, na kazi hizo zikaonyeshwa pale pale, mbele ya watu wa mahali hapo. Tofauti na yule msomi wa daftari, hakuondoka na siri zao kwenda kuzisoma mbali. Aliwarudishia zikiwa na rangi.

Tazama pia mpangilio wa safari ile. Hakuwaambia wanawake wa Ulaya, "Njooni muone taabu za Waafrika." Alianza kwa kumsikiliza mwanamke wa Denmark, mwenye nyumba ya joto na hospitali karibu, kwa sababu naye anayo machozi yake. Kwa kumweka katika mfululizo mmoja na wa Dar es Salaam na wa Kalkuta, alisema kwamba uchungu wa mwanamke hauna nchi moja.

Huku Meru jambo hili halitupasi kuwa geni. Mwaka 1951 serikali ya wakoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kilio cha watu wake. Ardhi haikurudi siku ile, lakini kilio kilikuwa kimesikika na kuandikwa. Watu wa mlima huu tunajua kwamba dhuluma iliyosemwa wazi si sawa na dhuluma iliyonyamaziwa. Tulijifunza hivyo kwa habari ya ardhi. Kwa habari ya mioyo ya wanawake bado tunajifunza.

USO MMOJA, NYUSO NYINGI

Sasa tuingie kidogo katika namna yake ya kuchora watu, maana wengine mtakapoziona picha zake mnaweza kusema, "Mbona huyu hachori vizuri? Mtu huyu hafanani na mtu!"

Wapo wachoraji wanaochora kama kamera, kila unywele mahali pake. Wapo wengine wanaochora kile kinachohisiwa. Kwa hao, mkono unaweza kuwa mrefu kupita kawaida kwa sababu unatafuta kushika kitu. Jicho linaweza kuwa kubwa kwa sababu limeona mengi. Uso unaweza kuwa wa buluu au mwekundu kwa sababu moyo nao una rangi zake. Everlyn ni wa kundi hili la pili.

Mfano mzuri ni picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, akiwa Åkersberga karibu na Stockholm. Ungetegemea kuona uso mmoja. Badala yake unaona nyuso kadhaa zilizoingiliana, huu ukitokea ndani ya ule. Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa watu wengi kwa wakati mmoja: mwanamke, mke, mama, Mwafrika ugenini, mchoraji. Ni uso upi ungekuwa wa kweli peke yake?

Kama umewahi kuiona ile michongo ya Wamakonde iitwayo ujamaa, ambamo watu wamepandana na kushikana katika gogo moja, hutapata shida kuielewa picha hii. Katika mchongo wa ujamaa ni ukoo mzima ulio ndani ya gogo moja. Katika picha ya Everlyn ni ukoo mzima ulio ndani ya mwanamke mmoja.

Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la taifa la picha za watu lililoko London, liitwalo National Portrait Gallery, lililoanzishwa mwaka 1856. Ilikuwa picha ya kwanza ya rangi ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba lile. Hesabu mwenyewe: miaka 166! Wafalme, majenerali na washairi walikuwa wamejaa ukutani. Aliyefungua mlango huo kwa wanawake weusi waliojichora wenyewe alizaliwa Marangu.

ALIPOVUNJIKA YEYE MWENYEWE

Msidhani, wapendwa, kwamba mtu anayesikiliza uchungu wa wengine anakuwa na ngozi ya chuma. Baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini na kubeba mengi, mwaka 1988 Everlyn aliugua. Hakuvunjika mguu wala mkono, alivunjika moyo na akili. Mwenyewe amelisema jambo hili hadharani, na waganga huiita hali hiyo ugonjwa unaofuata kiwewe. Ni ule unaoweza kumpata mtu baada ya vita, ajali, kubakwa au kudharauliwa kwa muda mrefu. Mwili unaendelea kuogopa ingawa hatari imekwisha pita. Usingizi unakimbia. Kumbukumbu zinarudi bila kuitwa.

Alirudi kwenye rangi. Mwaka 1989 na 1990 alichora mfululizo ambao jina lake maana yake ni "Nguvu ya Kimya". Mwaka 1991 na 1992 akafanya mwingine mrefu uitwao "Harusi". Katika miaka iliyofuata aliongeza vitu vingine kwenye kazi zake, kama vitambaa na nyavu za chuma. Nasi tunaojua kushona tunaelewa: iko siku rangi haitoshi, unataka kushika kitu mkononi, kukikata na kukiunga tena.

Hakuishia kwenye maumivu yake binafsi. Mwaka 2004 alitengeneza hati ndefu inayokunjuliwa, yenye kumbukumbu za mauaji ya halaiki yaliyotokea sehemu mbalimbali za dunia. Aliona kwamba watu wanaoumizwa na kisha kukatazwa kukumbuka huumizwa mara mbili. Baada ya kuishi Ufaransa na Ubelgiji, mwaka 2008 alihamia Edinburgh, Scotland. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 58 hivi, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Middlesex, London, kwa utafiti juu ya sanaa ya kisasa ya Afrika na majeraha ya kiwewe ambayo watu weusi wamebeba. Dada unayesema umezeeka kwa kusoma, umesikia?

Toka Oktoba 2024 hadi Mei 2025 jumba la taifa la sanaa za kisasa huko Edinburgh lilionyesha kazi zake za zaidi ya miaka 40.

NA PICHA ZA HAPA ARUSHA JE?

Ukitembea mjini Arusha hutakosa kuziona picha zikiuzwa kando ya barabara na katika maduka ya vinyago. Nyingi ni za Tingatinga, zenye chui, ndege na rangi za kung'aa. Aliyeanzisha mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga, naye alikuwa mhamiaji. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam, ambako mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya ubao kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972.

Kabla yake alikuwapo Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame. Yeye alichora maisha ya Wachagga kijijini, watu wengi wakifanya kazi pamoja, na mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ntiro pia aliiwakilisha Tanganyika mjini London baada ya Uhuru. Kwa hiyo uchoraji si kitu kigeni milimani kwetu.

Lakini hebu mara nyingine usimame mbele ya picha za barabarani uangalie watu waliomo. Mara nyingi utawaona Wamasai warefu wembamba, nguo nyekundu, mkuki, jua linazama. Wengi wao hawana uso kabisa. Siwalaumu vijana wanaozichora, maana hicho ndicho mtalii anachonunua na nyumbani kuna watoto wa kulisha. Ila mtu asiye na uso hawezi kukuambia chochote. Hulii naye wala hucheki naye. Picha za Everlyn ni kinyume chake: uso unajaa mpaka mwisho wa kitambaa, na macho yanakutazama mpaka wewe uanze kujibu.

YANAYOTUHUSU WODINI NA NYUMBANI

Kama muuguzi, nimeona kwa nini kazi ya mwanamke huyu inatuhusu. Mama anapoletwa baada ya kujifungua, tunampima joto, msukumo wa damu, tumbo la uzazi na damu inayotoka. Ni vema, maana vipimo hivyo huokoa maisha. Lakini uso wake nani anaupima?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kuzaa, hasa sonona. Hebu tazama benchi moja la akina mama kliniki ya watoto. Kwa kila watano waliokaa hapo, huenda mmoja anavuka bonde la giza huku akitabasamu.

Wazee wetu hawakuwa wajinga juu ya jambo hili. Uchagani mzazi alipewa mtori, akapumzishwa ndani kwa muda mrefu, akahudumiwa na mama mkwe na jamaa. Wengi leo wanajifungua mjini, katika chumba cha kupanga, mume yuko kazini au safarini, mama yuko kijijini, na siku ya nne binti anafua mwenyewe. Desturi ya kumlisha mzazi imebaki kwa wenye ndugu karibu, na ile ya kukaa naye saa nzima bila haraka inazidi kupotea.

Dalili za kuangalia ni hizi: mama halali hata mtoto anapolala, analia siku nyingi bila sababu anayoweza kuieleza, hataki kula, hataki kumshika mtoto au anamwogopa, anasema familia ingekuwa afadhali bila yeye. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya. Akisikia sauti zisizokuwapo, akisema maneno yasiyoeleweka, au akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Si uvivu, si ukosefu wa imani, wala si lazima uwe pepo. Mchungaji amwombee, na daktari amtibu. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUANZA HIVI

Huenda mtasema, "Sisi si wachoraji." Everlyn naye hakufundishwa. Katika kikundi cha akina mama cha usharika au jumuiya, jaribuni jambo hili siku moja baada ya maombi:

1. Kila mmoja alete kitu kimoja kutoka nyumbani chenye kumbukumbu: kibuyu, kijiko cha mwiko, khanga aliyofungwa nayo mtoto wa kwanza, kiatu cha mtoto, sufuria ya mtori. Wachoraji wa ng'ambo kwa karne nyingi wamechora vitu vya mezani vilivyotulia, na mara nyingi kitu kama hicho husema habari za mwenye nyumba kuliko picha yake mwenyewe.

2. Kila mmoja akichore kitu chake kwa penseli, mkaa au kalamu za rangi za watoto. Asitokee mtu wa kucheka au kusahihisha. Hatutafuti picha inayofanana na kitu, bali picha inayosema kitu hicho kimepitia nini.

3. Anayependa aeleze. Asiyependa anyamaze na picha yake, na hiyo nayo ni haki. Mtu asilazimishwe kutoa siri.

4. Yaliyosemwa pale yabaki pale. Kikundi kinachotoa siri nje kitakuwa kimemrudisha yule mama kwenye "jikaze" kwa miaka mingine kumi.

5. Siku nyingine, mkiisha zoeana, kila mmoja ajaribu kuchora uso wake mwenyewe. Kama zitatokea nyuso tatu katika karatasi moja, msishangae.

6. Mkiona mwenzenu amelemewa, asindikizwe na mtu anayemwamini hadi kituo cha afya. Kuchora hakuponyi sonona peke yake, lakini kunaweza kuwa mlango wa kwanza wa kusema.

LAZARO NA MJAKARANDA

Katika miaka ya karibuni, kuanzia mwaka 2022, Everlyn amechora mfululizo ambao ameupa jina la "Lazarus Jacaranda". Sisi wa Arusha tunahitaji maelezo machache sana juu ya jina hilo. Lazaro tunamjua kwa Injili ya Yohana sura ya 11, aliyekuwa kaburini siku nne. Mjakaranda tunaujua kwa macho, maana mnamo Oktoba na Novemba mitaa yetu hujaa maua yake ya zambarau mpaka chini ya miguu.

Watu wengi hufikiri mjakaranda ni mti wetu wa asili. La, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni mhamiaji kama Everlyn. Tena una tabia moja ambayo mtunza bustani yeyote ataithibitisha: mara nyingi hupukutisha majani, ukabaki matawi makavu kama mti uliokufa, na maua yakatangulia kabla majani mapya hayajarudi vizuri. Uzuri wake unatoka kwenye tawi tupu.

Katika habari ya Lazaro liko pia jambo ambalo tukisoma haraka tunalipita. Kabla ya kumwita Lazaro atoke, Bwana Yesu aliwatazama Martha na Mariamu katika msiba wao, naye akalia. Alijua atakalolifanya dakika chache baadaye, na bado alilia nao kwanza. Hakumwambia Mariamu ajikaze.

Basi, mama mwenzangu, wiki hii ukimkuta binti aliyejifungua, mjane, au ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo akiwa kimya kuliko alivyoondoka, mpelekee mtori, naam. Lakini ukiisha kuweka chombo chini, usikimbilie kuondoka. Kaa. Mtazame uso. Muulize ana habari gani, kisha ungoje jibu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni lini kumwambia mtu "jikaze" kunamsaidia, na ni lini kunamfungia mlango?
2. Katika usharika wetu nani huwatembelea wanawake waliojifungua baada ya wiki ya pili, wageni wanapokuwa wamekwisha kuondoka?
3. Tunao ndugu walio ugenini. Tukiwapigia simu, tunawauliza nini zaidi ya fedha?
4. Ungejichora uso wako mwenyewe, ungekuwa na nyuso ngapi, na upi haujawahi kuonwa na mtu?